Kabla ya kununua betri ya nne ya mashine ya kukata nyasi

"Ninasimamia kampaundi na uwanja wa mpira wa shule moja ya bweni nje kidogo ya Jinja. Tuna mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia na kuendesha, injini ya silinda moja yenye nguvu za farasi 17, iliyoletwa ikiwa imeshatumika. Injini ni nzima na visu tunanoa wenyewe. Shida ni betri. Niliyoikuta ilikufa Februari mwaka jana. Tukanunua nyingine, ikachoka Septemba, nikanunua ya tatu. Shule ilipofunguliwa Februari hii nikageuza ufunguo, nikasikia tak-tak-tak, basi. Fundi mmoja ananiambia nifunge betri ya sola ya Ah 100 nipumzike. Wa pili anasema betri kubwa itaunguza staata, nichukue ya boda boda. Wa tatu anataka kuongeza asidi katika hii iliyopo ifufuke. Mhazini amesema pesa atakayotoa sasa ndiyo ya mwisho mwaka huu. Ninunue ipi?"

Pole kwa usumbufu, ndugu yangu. Nimeona uzito wa swali lako: si mashine tu, ni jina lako mbele ya mhazini. Nitakutajia betri ya kununua, namba zake zote. Lakini rudia kwanza ulichoandika. Betri ya kwanza ilikufa Februari. Ya tatu imekufa Februari. Mwezi huo ndio shule zinafunguliwa, baada ya mashine kukaa stoo tangu mapema Desemba. Betri hizo hazikufa zikifanya kazi. Zimekufa zikiwa zimelala. Na ile ya katikati, iliyochoka Septemba, ilikuwa imetoka kwenye likizo nyingine ya wiki kadhaa. Kuna kitu kinazinyonya betri zako mashine ikiwa imezimwa, au zinaingia likizo zikiwa na njaa, au yote mawili. Ukifunga ya nne bila kujua ni kipi, Februari ijayo tutaandikiana tena.

Nieleze kinachotokea ndani. Betri ya kawaida ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana betri iliyojaa na kutulia husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ndani ya seli kuna mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, salfa huondoka kwenye asidi na kushika kwenye mabamba kama utando laini. Ukiichaji mapema, utando huo huyeyuka na salfa inarudi kwenye asidi. Ukiiacha na chaji nusu kwa wiki nyingi, utando hugeuka chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na chembe hizo imeshatoka kazini. Joto huharakisha mambo: kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kemia ya ndani huenda karibu mara mbili, na umri wa betri hukatika karibu nusu. Betri yako imekaa jirani na injini, chini ya bati, katika joto la kwetu. Wazungu huogopa majira ya baridi kwa betri zao. Sisi adui yetu ni joto na likizo.

Hapo ndipo unaona kosa la fundi wa tatu. Asidi haijapotea kwenye betri yako, imejificha kwenye mabamba. Kinachopungua kwa joto na kuchaji ni maji. Ukimwaga asidi mpya juu yake, kipimo cha asidi kitasoma vizuri kwa siku chache na kila mtu atafurahi, huku mabamba yakiliwa kwa kasi kuliko mwanzo. Betri yenye vifuniko huongezwa maji safi ya betri peke yake, yale yaliyosafishwa ya dukani, tena baada ya kuchaji, isipokuwa mabamba yameonekana wazi, hapo unayafunika kwanza. Soma lebo ya chupa kwa makini, maana dukani chupa ya maji na chupa ya asidi mara nyingi hukaa rafu moja.

Fundi wa pili ana hofu ambayo nimeisikia tangu naanza kazi, na imewatia watu wengi hasara. Betri haisukumi ampea kwenye staata kwa nguvu. Staata ndiyo inayovuta kiasi inachohitaji, na kinachoamua ni volti. Alimradi ni volti 12, betri yenye uwezo mkubwa haiunguzi kitu. Kinachounguza staata ni betri dhaifu. Injini ya farasi 17 yenye silinda moja huwa na karibu sentimita za ujazo 500. Ukiipa betri ya boda ya Ah 7 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), iliyotengenezwa kwa injini ya 100 au 125, volti zinaanguka mpaka 8, solenoidi, ile swichi ya sumaku inayoipa staata moto, inashindwa kushika, inashika na kuachia mara kadhaa kwa sekunde. Ile tak-tak-tak uliyoisikia ndiyo hiyo. Kila tak ni cheche inayokula shaba ya ndani, na staata inayozunguka polepole ndiyo inayopata moto. Volti, lakini, usizicheze. Kama shule ina lori la volti 24, asije dereva akakuwashia mashine kwa nyaya kutoka kwenye lori hilo. Ukilazimika kuazima moto, azima gari dogo la volti 12, na injini ya gari iwe imezimwa.

Fundi wa kwanza amefikiri vizuri nusu ya njia. Betri ya sola ya Ah 100 inaweza kuwasha mashine yako, sitakudanganya. Lakini ina mabamba manene yaliyokusudiwa kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha, wakati staata inataka mkupuo wa sekunde tatu nne, kazi ya mabamba membamba mengi. Tena ina kilo 25 hadi 30. Utaifunga wapi kwenye mashine inayoruka mashimo ya uwanja? Na kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. Mashine nyingi ndogo za silinda moja huchaji kwa ampea 3 tu au zaidi kidogo. Kuwasha mara moja, tuseme ampea 150 kwa sekunde 4, hula sehemu ya sita hivi ya Ah moja. Ampea 3 hurudisha hiyo ndani ya dakika nne au tano, na betri ndogo inashiba. Lakini betri ya Ah 100 iliyofika nusu inadai Ah 50, karibu saa 17 za injini kunguruma. Wewe unakata saa mbili, unazima. Itaishi na njaa mpaka mabamba yagande zile chembe ngumu kama betri zako nyingine, ila hii utakuwa umeilipia ghali.

Sasa kabla ya kwenda dukani nakuomba jioni moja na mita ya umeme, ile ndogo ya kidijitali ambayo kila fundi wa redio anayo. Ichaji betri hii uliyonayo usiku mzima kwa moto mdogo, ampea 3. Wachaji wengi wa mitaani huipa betri ndogo moto wa betri ya lori, ikachemka. Mwambie namba hiyo kwa mdomo wako na usimame uone. Iache itulie saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu, kisha pima. Ikisoma 10.5 hivi, seli moja imekufa, hakuna dawa. Ikisoma 12.6, ifunge, mtu ageuze ufunguo huku wewe unaangalia mita: wakati staata inazunguka isishuke chini ya 9.6. Ikishuka hapo, betri imekwisha. Isiposhuka na mashine ikawaka, basi usinunue chochote bado, betri yako ilikuwa imefilisika tu, haijafa.

Mashine ikiwa imewaka, peleka mafuta juu kabisa kama unavyokata nyasi, upime tena kwenye vichwa vya betri. Unataka kati ya 13.5 na 14.7. Mita ikikaa 12.3 na kuendelea kushuka, mfumo wa kuchaji hauchaji, na betri yoyote duniani ingekufa hapo. Ikipita 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika, kinaipika betri. Utajua pia kwa harufu kama ya yai bovu na kwa betri kupungukiwa maji mara kwa mara.

Kisha mtafute mwizi. Zima ufunguo, toa waya wa hasi, weka mita kwenye ampea, ncha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye waya ulioutoa. Usiguse ufunguo wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Mashine kama hii haina redio wala kompyuta, kwa hiyo isome sifuri au karibu nayo. Ikisoma miliampea 50, kitu ambacho taa ya kupimia isingekuonyesha, zidisha mwenyewe: betri ya Ah 30 imekwisha ndani ya siku 25. Likizo yenu ya Desemba ni ndefu zaidi ya mara mbili ya hapo. Mara nyingi mwizi ni swichi ya ufunguo iliyochakaa au waya uliochubuka chini ya kiti. Na kuna sababu ya kawaida zaidi, ambayo usimkasirikie mtu kwayo: mashine imeisha petroli ikiwa kazini, kijana akashuka, akaacha ufunguo umewasha.

Nyaya nazo. Mwaka jana niliitwa kwa mashine iliyokuwa imekula betri mbili, nikafungua bolti ya waya wa hasi pale unaposhikana na chasisi. Kwa juu ilikuwa inang'aa. Chini ya kichwa cha bolti kulikuwa na unga wa kijani mkavu, unaokwaruzika kwa ukucha, na chini ya unga huo rangi ya kiwandani ambayo aliyebadilisha injini hakuiparua. Staata ilikuwa inavuta ampea mia na kitu kupitia upenyo wa ncha ya kalamu. Niliparua mpaka chuma cheupe, nikafunga, nikapaka grisi. Betri "mbovu" ya pili bado inafanya kazi. Dakika kumi, msasa mmoja.

Na kama betri ni nzuri na nyaya ni safi, lakini injini inazunguka nusu, inagoma, inazunguka nusu tena, usiitukane betri. Injini kubwa za silinda moja zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, na nafasi ya vali ikishapanuka kwa uchakavu, kifaa hicho hakifanyi kazi. Staata inabaki inapigana na mgandamizo wote. Hiyo ni kazi ya fundi wa injini mwenye geji ya kupimia vali, na ni kazi ya asubuhi moja.

Tuseme sasa umepima na betri imekufa kweli. Mashine karibu zote za aina yako zimeundiwa saizi moja inayoandikwa U1 kwenye lebo: urefu milimita 197, upana 132, kimo 186 hivi. Vichwa vyake ni vipande bapa vyenye tundu la bolti. Tafuta iliyoandikwa Ah 28 hadi 35, na namba ya CCA, yaani ampea za kuwashia injini kwenye baridi, kuanzia 230. Usilipe zaidi kwa kukimbiza namba kubwa ya CCA: hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi isiyofika Jinja hata siku moja, kwa hiyo kwetu betri hiyo hiyo inafanya vizuri kuliko lebo inavyosema.

Jambo la kuangalia kwa macho kuliko yote ni upande wa chanya. Saizi hii inauzwa kwa sura mbili, moja chanya iko kulia na nyingine kushoto, ukiwa umevielekea vichwa. Sanduku ni lile lile. Ukichukua isiyo yako, nyaya hazifiki, na hapo ndipo mtu anaigeuza betri au kuvuta waya juu ya kichwa kisicho chake. Ukigusisha kinyume hata mara moja, kidhibiti cha chaji kinakufa papo hapo. Ipige picha betri ya zamani ikiwa imekaa ndani ya mashine, nyaya zikiwa zimeshikana, uende na picha hiyo kwenye simu.

Ukikosa U1, na Jinja unaweza kuikosa, utaletewa mbadala wawili. Wa kwanza ni betri ya gari dogo la Kijapani, ile ya NS40, Ah 32 hadi 35. Kwa nguvu inatosha kabisa, na kitako chake karibu kinaingia kwenye kisanduku chako. Shida ni kimo: ukihesabu vichwa inafika milimita 225 hivi, karibu sentimita nne zaidi, na vichwa ni vya duara, vinataka vibano vyake. Nimewahi kushika kifuniko cha kiti kilichotobolewa na kichwa cha betri ya namna hiyo. Mtu alikaa, bati likagusa chanya, cheche zikatoboa tundu la ukubwa wa sarafu, na tangi la mafuta lilikuwa karibu. Ukiichagua, pima nafasi kwa rula mtu mzito akiwa amekaa juu ya kiti, funika vichwa kwa mpira, na uifunge isitikisike. Bila hivyo, iache. Wa pili ni betri iliyofungwa ya UPS, vile vifaa vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, Ah 33 au 35, ambayo sanduku lake linafanana na U1 mpaka muuzaji mwenyewe anaamini ni ile ile. Haina CCA kwenye lebo kwa sababu haikuundiwa mkupuo. Itakuwashia kwa muda, na nisingeitumia pesa ya mwisho ya mhazini kwayo.

Kuhusu aina: ukiipata U1 ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa ndani ya vitambaa vya nyuzi za kioo, na ukawa umehakikisha mashine haichaji kupita kiasi, ongeza pesa uichukue. Haimwagiki, inavumilia mtikisiko wa uwanja, na ikilala hupoteza chaji polepole. Hilo la mwisho ndilo ugonjwa wako. Ile ya kawaida yenye asidi nayo ni halali, inataka tu uangalizi. Ya lithiamu ni nyepesi na hulala muda mrefu bila kuisha, lakini huvuta chaji kwa pupa, na mfumo wa zamani wa ampea chache haukuundwa kwa hilo. Kwa mashine hii sikushauri.

Dukani, nenda na mita. Betri iliyojazwa tayari isome 12.6 au zaidi kabla hujalipa. Chini ya 12.4 rudisha kwenye rafu, hata ikiwa na kavera lake bado, maana imezeekea hapo. Uliza tarehe ya kutengenezwa. Kama ni ile inayouzwa kavu na chupa ya asidi pembeni, usikubali ijazwe na kukabidhiwa hapo hapo. Asidi inahitaji nusu saa kuingia kwenye mabamba, kisha betri ichajiwe mpaka ijae kabla ya kuwasha kitu. Betri nyingi "mpya" zinazokufa mapema zilianza maisha bila hatua hiyo.

Wakati wa kufungua, waya wa hasi hutoka kwanza. Wakati wa kufunga, hasi huingia mwisho. Sababu ni spana: ikigusa chasisi wakati hasi imeshatoka, hakuna kinachotokea. Vaa miwani, kaa mbali na sigara, na uwe na ndoo ya maji karibu. Asidi ikigusa jicho, osha kwa maji mengi dakika zisizopungua 15 na uende kituo cha afya hata kama maumivu yametulia. Ikimwagika kwenye chuma, magadi na maji yanaiua.

Muite fundi wa umeme wa magari aje mwenyewe kama mita imesoma chini ya 13 au juu ya 15 injini ikiwa kasi, kama betri imevimba, au kama kuna waya ulioyeyuka. Usiendelee kujaribu. Na akiwa hapo, asikufungie swichi ya kiti kwa kipande cha waya ili mashine iwake kirahisi. Swichi hiyo ndiyo inayosimamisha visu mtu akianguka, na mnakata nyasi mahali penye watoto.

Betri zenu zilizokufa zirudishe kwa muuzaji. Wengi hukupunguzia bei kwa risasi iliyomo. Zisibaki nyuma ya jiko zikingoja mtu wa kuzivunja na kuyeyusha. Moshi na vumbi la risasi huharibu akili ya mtoto, na madhara hayo hayarudishiki.

Sasa Desemba. Siku ya mwisho ya kukata nyasi, ichaji betri mpaka ijae, kisha toa waya wa hasi, ufunge kipande cha mpira kwenye ncha yake. Kama stoo ina joto, itoe kabisa uiweke kivulini; sakafu ya saruji hainyonyi chaji, hilo lilikuwa la masanduku ya zamani. Mwachie askari wa zamu simu na maelekezo: katikati ya Januari ichajiwe usiku mmoja kwa ampea 3. Andika kwa kalamu isiyofutika ubavuni mwa betri tarehe uliyoifunga na volti ulizosoma siku hiyo. Shule ikifunguliwa, pima kabla ya kugusa ufunguo, uandike namba ya pili chini ya ile ya kwanza.